Jinsi ya kusoma utafiti wa chuo kikuu kabla hujawasimulia watu

Kila Alhamisi jioni nina dakika 20 redioni, hapa Tanga, za kuwaeleza wasikilizaji kilichogunduliwa vyuo vikuu. Wiki moja ni dawa, wiki nyingine ni ng'ombe, wiki nyingine ni mifupa ya watu waliokufa karibu miaka elfu mbili iliyopita. Mimi si daktari wala mtaalamu wa mifugo, nilisomea uandishi wa habari. Ikabidi nijitengenezee njia yangu ya kusoma. Vijana wanaokuja kujifunza kazi huniuliza kila mara, kwa hiyo naiandika hapa kama ninavyoitumia.

Njia hii niliipata baada ya kukosea. Tarehe 16 Juni 2020 Chuo Kikuu cha Oxford kilitangaza kwamba deksamethasoni, dawa ya miaka mingi na ya bei ndogo, imepunguza vifo vya wagonjwa wa korona. Nilikisoma kichwa cha habari hewani kama kilivyo, nikatia na furaha yangu juu yake. Siku chache baadaye mzee mmoja wa Pongwe akapiga simu. "Binti yangu, ahsante sana. Nimeipata duka la dawa, nimemeza vidonge viwili na chai." Nikamuuliza anaumwa nini. Akasema haumwi, anajikinga tu. Kisukari anacho, ila hicho ni cha zamani.

Deksamethasoni hupandisha sukari kwenye damu. Nilimtafuta mwanawe, akampeleka kituo cha afya siku ile ile, na mzee alikuwa salama. Mimi usiku huo sikulala.

Tangu siku ile sisomi habari ya utafiti hewani kabla sijalifikia andiko lenyewe.

Fika kwenye andiko

Habari unayoiona kwenye simu mara nyingi imetokana na taarifa ambayo chuo kimewaandikia waandishi. Kazi ya taarifa hiyo ni kuvuta macho. Teremka hadi chini kabisa: karibu kila mara utakuta jina la jarida, na mara nyingi kiungo cha kubonyeza. Bonyeza. Ukifika, soma ikisiri, ile aya ya juu inayobeba utafiti mzima. Isome mara tatu, na mara ya tatu uwe na kalamu mkononi. Majarida mengine ni ya kulipia lakini ikisiri zake kwa kawaida ziko wazi, na mengine kama PLOS Genetics unasoma yote bila kulipa zaidi ya bando lako.

Kwenye daftari langu naandika mambo manne: walichunguzwa akina nani, walikuwa wangapi, walilinganishwa na nani, na mwishoni kilihesabiwa kitu gani. Likikosekana moja, habari hiyo haitoki wiki hiyo. Na kama juu ya andiko pameandikwa kwamba halijapitiwa na wataalamu wengine, nalisubiri. Wasikilizaji wangu hawapungukiwi kitu wakiipata habari mwezi mmoja baadaye.

Asilimia irudishe kwa watu

Chukua deksamethasoni yenyewe. Jaribio liliitwa RECOVERY, likiongozwa na Peter Horby na Martin Landray, likafanyika katika hospitali za Uingereza. Wagonjwa 2,104 walipangiwa dawa hiyo pamoja na matunzo ya kawaida, na 4,321 wakapata matunzo ya kawaida peke yake. Nani aingie kundi lipi iliamuliwa kwa kura ya kompyuta. Hili la kura lisikupite. Daktari angechagua mwenyewe, pengine angewapa dawa walio hoi zaidi, au wale anaoona wana nguvu ya kupona, na mwisho usingejua kama kilichowaokoa ni dawa au ni hali waliyoingia nayo wodini.

Kilichohesabiwa ni vifo ndani ya siku 28. Mimi huwaweka watu 100 uwanjani kichwani mwangu, halafu nawahesabu. Kati ya wagonjwa 100 waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia bila dawa hii, walikufa 41, na kati ya 100 walioipata, 29. Waliokuwa wakipewa oksijeni bila mashine: 26 bila dawa, 23 kwa dawa. Na wale ambao hawakuhitaji oksijeni kabisa: 14 bila dawa, karibu 18 kwa dawa.

Rudia hiyo ya mwisho. Kwa mgonjwa anayepumua vizuri haikuonekana faida yoyote, na hesabu ilielekea upande wa madhara. Dawa hii hutuliza kinga ya mwili. Aliye hoi anaumizwa na kinga yake mwenyewe iliyofura kupita kiasi, kwa hiyo kuituliza kunamsaidia. Ambaye hajafika huko bado anaihitaji kinga hiyo ipambane na virusi.

Mzee wangu wa Pongwe hakuwemo hata katika kundi la mwisho, maana wale wote walikuwa wamelazwa hospitalini. Ningekuwa nimejibu lile swali la kwanza la daftari, walichunguzwa akina nani, ningemwambia hewani: dawa hii ni ya mgonjwa aliyelazwa na anayeshindwa kupumua, na inatolewa na daktari.

Gazeti likiandika kwamba dawa "yapunguza vifo kwa theluthi moja", halijadanganya: kutoka 41 hadi 29 ni karibu theluthi. Lakini ni theluthi ya vifo vya walio kwenye mashine. Ukikutana na asilimia au sehemu, uliza ni ya nini, na usiendelee mpaka upate jibu. Vipimo vya dawa, miligramu na siku za kumeza, mimi sivisomi redioni hata nikiulizwa. Hilo ni la daktari na mgonjwa wake.

Chora mstari katikati ya ukurasa

Njia hii naitumia zaidi kwa habari za kale, maana huko ndiko msimulizi anapojaza nafasi kwa mawazo yake.

Mlima Vesuvius ulilipuka mwaka 79 baada ya Kristo, ukaufunika mji wa Pompeii, Italia, kwa majivu. Miili ikaoza ndani ya majivu yaliyogandamana, pakabaki matundu yenye umbo la watu. Mwaka 1863 Giuseppe Fiorelli alianza kumimina plasta ndani ya matundu hayo, na watu wakaonekana walivyolala. Katika nyumba moja walipatikana wanne pamoja. Mtu mzima mmoja alikuwa na bangili ya dhahabu na mtoto amempakata. Kwa miaka mingi wageni walielezwa kwamba ni mama na mwanawe. Bangili, mtoto mapajani: nani angefikiri vinginevyo?

Novemba 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Chuo Kikuu cha Florence na Taasisi ya Max Planck walichapisha matokeo ya vinasaba (DNA) walivyovipata kwenye vipande vya mifupa vilivyonasa ndani ya plasta. Mwenye bangili ni mwanamume. Na hana udugu wa damu na yule mtoto.

Sasa chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika kilichopimwa: ni mwanamume, hawana udugu wa damu. Kulia andika yote yanayokujia kichwani: labda ni mtumishi, labda ni jirani, labda ni mtu aliyemwokota mtoto wa watu mlangoni wakati mawe yakinyesha. Ya kulia yanagusa moyo, na mimi mwenyewe nilipoyaandika machozi yalinilenga. Lakini hewani nilisoma ya kushoto, kisha nikasema wazi: kuanzia hapa ni mawazo yangu. Mtu aliyekufa amempakata mtoto anastahili tusimzushie.

Halafu uliza wangapi. Vinasaba vya kutosha vilipatikana kwa watu watano. Asili yao kubwa ilionekana kutoka nchi za mashariki ya Mediterania, jambo linalopendeza kulijua, lakini watu watano hawausemei mji mzima.

Swali hilo hilo lilinisaidia mwaka 2023, maabara ya David Reich wa Harvard, aliyeshiriki pia ule utafiti wa Pompeii, iliposhiriki utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa zamani, wengi wao wa miji ya pwani yetu, ikiwemo Kilwa, Songo Mnara na Mtwapa. Msikilizaji wa Pangani aliuliza kwa uchungu, "Kumbe sisi ni Waajemi?" Nikamsomea kilichoandikwa: kwa wengi wao zaidi ya nusu ya asili yao ni ya Afrika, hasa kwa upande wa mabibi, na asili ya Asia ilitoka zaidi kwa wanaume wa Uajemi. Nikamkumbusha kwamba waliopimwa ni wale ambao makaburi yao yalichimbwa, na bibi yake hayumo.

Msomee mtu ambaye habari inamhusu

Hapa nitakaa, maana ndiko nilikozaliwa. Baba yangu anafuga Handeni. Nikiwa darasa la tano ndigana kali ilituchukulia ndama saba. Unaanza kuona tezi chini ya sikio zimevimba, ndama anapata homa, anaacha kunyonya, kisha mapafu yanajaa maji na povu linamtoka puani. Ugonjwa huu huletwa na kijidudu kiitwacho Theileria parva, na mbebaji wake ni kupe wa kahawia anayependa kukaa masikioni. Afrika Mashariki unaua ng'ombe zaidi ya milioni 1 kwa mwaka.

Kwa hiyo mwaka 2022, nilipoona kwamba watafiti wa Taasisi ya Roslin ya Chuo Kikuu cha Edinburgh, pamoja na wenzao wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo yenye makao Nairobi, wamepata jeni, yaani kipande cha vinasaba, inayohusika na kupona ndigana kali, moyo ulinienda mbio. Nikajizuia, nikafungua daftari.

Walianza na ukoo wa ng'ombe wa Borani waliokuwa wakinusurika pale wenzao walipokufa. Wakalinganisha vinasaba, wakafika kwenye badiliko moja dogo katika jeni iliyo ndugu ya ile iitwayo FAF1. Ndama hupokea nakala mbili za jeni, moja ya mama, moja ya baba. Kati ya ng'ombe 20 wenye badiliko hilo kwenye nakala zote mbili, alikufa 1. Kati ya 97 wasiokuwa nalo hata kwenye nakala moja, walikufa 44. Na hili ndilo lililonipa imani: uhusiano huo ulionekana pia kwa kundi jingine, mbali na lile la kwanza.

Weka uwanjani: 5 kwa 100 dhidi ya 45 kwa 100. Ni tofauti kubwa kweli. Lakini angalia ile 20. Angekufa mmoja zaidi, 5 ingegeuka 10 papo hapo. Namba ndogo hutikisika kwa mnyama mmoja, kwa hiyo mimi husema "mmoja kati ya ishirini", sisemi "asilimia tano". Angalia pia upande wa pili: kati ya wale 97, ng'ombe 53 walipona bila badiliko lolote. Ukiwa na fahali aliyewahi kuugua akapona, huwezi kusema anayo jeni. Huenda anayo, huenda ni mmoja wa wale 53.

Nikaandika sentensi yangu ya kusoma: "Wanasayansi wamegundua jeni inayozuia ndigana kali." Kabla ya kipindi nikampigia Baba. Nikamwamkia, nikamsomea, nikamwomba anirudishie kwa maneno yake. Akakaa kimya kidogo. "Kwa hiyo mwanangu, mwenye jeni hiyo hana haja ya josho?"

Nikarudi kwenye ikisiri. Neno walilotumia watafiti lilikuwa la kustahimili, na mimi nilikuwa nimeandika kuzuia. Anayestahimili anaambukizwa kama wenzake, ila mara nyingi hafi. Na kupe ni walewale, na magonjwa mengine wanayoleta ni yaleyale. Kosa la neno moja lingewafanya wafugaji waache kuogesha ng'ombe kwa dawa ya kupe, au wasite kuwapeleka ndama kwenye chanjo ya ndigana, ile inayotolewa pamoja na sindano ya antibiotiki iitwayo oksitetrasaiklini na kutunzwa kwenye mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi kali.

Nikafuta, nikaandika upya: "Baadhi ya ng'ombe wa Borani wamezaliwa na badiliko linalowasaidia kustahimili ndigana kali. Wanaugua, lakini wengi wao hawafi. Watafiti wanatumaini siku moja litasaidia kuchagua mbegu. Endelea kuogesha, endelea kuchanja." Nikampigia tena.

"Sawa," Baba akasema. "Nisiuze fahali wangu, nisiache josho, na ukisikia mbegu hiyo imefika kwa mhimilishaji wa hapa, nipigie."

Pembeni ya ukurasa ule nimeandika jina lake na namba ya simu ya afisa mifugo wa kata. Kila mwanzo wa msimu wa mvua, kupe wanapoanza kuongezeka, naufungua na kupiga simu kuuliza.