Kabla hujanunua stesheni wagoni iliyokula kilomita: anzia kwenye buti

Wanaokwenda kukagua gari lililotumika wengi wao hukimbilia boneti. Linafunguliwa, injini iliyooshwa inatazamwa inavyong'aa, watu wanaitikia kwa kichwa kana kwamba wameona kitu, boneti linafungwa. Mimi kwa stesheni wagoni naanzia nyuma. Buti ndiyo sababu ya gari hilo kuundwa, na huko nyuma ndiko lilikofanyiwa kazi. Muuzaji ataosha injini na kupiga polishi dashibodi, ila wanaokumbuka kuinua zulia la buti ni wachache mno.

Lakini kuna jambo la kumaliza nyumbani kwanza. Kama tayari una gari moja nyumbani, hili la pili litakuwa la kazi gani? Kama ni la kubeba mizigo mara mbili kwa wiki, mikwaruzo na kipoza hewa kilichochoka havikuhusu. Kama litabeba watoto kila asubuhi, mkanda wa kiti cha nyuma usiofunga au taa ya mifuko ya hewa inayowaka ni sababu ya kugeuza miguu. Kama litalala siku nyingi bila kuguswa, jua kwamba kulala nako kunachosha gari: betri inakwisha, diski za breki zinashika kutu, tairi zinabonyea upande uliokaa chini. Andika kwenye karatasi kasoro utakazovumilia na zile ambazo hutazivumilia hata ukipunguziwa bei. Iandike kabla hujaliona gari, maana macho hupenda haraka kuliko akili.

Halafu pesa. Usipeleke zote kwa muuzaji. Gari lenye kilomita 250,000 litakudai ndani ya miezi mitatu ya kwanza, hata kama ni zima, kwa sababu wengi wanaoamua kuuza huacha kununua spea miezi kadhaa kabla. Mimi hutenga angalau robo ya bei ya kununulia kwa matengenezo ya mwanzo. Kama robo hiyo haipo, tafuta gari la bei ya chini zaidi. Ukumbuke pia bima, kodi na mahali pa kuegesha. Vyote hivyo sasa ni mara mbili.

Kilomita zenyewe zisikutishe. Irv Gordon wa Marekani alinunua Volvo P1800 mwaka 1966, na mwaka 2013 akavuka maili milioni 3 kwa gari hilohilo, yaani zaidi ya kilomita milioni 4.8. Alitembea sana barabara ndefu na hakuchezea matengenezo. Gari la miaka 12 lenye kilomita 240,000 limekwenda wastani wa kilomita 20,000 kwa mwaka, jambo la kawaida kabisa. Linaloniogopesha ni la umri huohuo linalosoma 90,000 bila karatasi hata moja. Hapo angalia pedali: mpira ulioliwa mpaka chuma, usukani uliolainika kama sabuni na kiti cha dereva kilichozama upande wa mlangoni havilingani na kilomita 90,000. Risiti za gereji, kitabu cha sevisi, hata kile kibandiko cha kubadilisha oili kwenye fremu ya mlango, vyote vina tarehe na kilomita. Vipange kwa mwaka uone kama namba zinapanda au kuna mahali zimerudi nyuma.

Kwenye nyaraka usikae sana, ila usiruke. Namba ya chesisi mara nyingi huwa na jumla ya herufi na tarakimu 17. Isome kwenye bodi la gari, si kwenye karatasi tu, na ilingane na kadi ya usajili. Jina kwenye kadi liwe la anayekuuzia, au awe na mamlaka ya maandishi. Hakikisha pia gari halina deni la mkopo.

Sasa buti. Fungua mlango wa nyuma kisha uachie mkono: ukishuka wenyewe, shokapu zinazouinua zimekwisha. Ni kitu kidogo, mpaka siku mlango ukuangukie kisogoni. Pale juu kwenye bawaba kuna bomba la mpira linalopitisha nyaya za taa, waipa na kufuli. Nyaya hizo zinakunjwa kila mlango unapofunguliwa, na baada ya miaka mingi hukatika ndani ya mpira bila kuonekana. Waipa ikigoma na taa ya namba isipowaka, usikubali ukiambiwa ni fyuzi tu.

Inua zulia, inua na kifuniko cha spea tairi. Wagoni yangu ya kwanza niliinunua bila kufanya hivyo. Wiki ya pili mvua ilinyesha, nikaanza kusikia maji yakicheza nyuma kila nikikanyaga breki. Nilipofunua, spea tairi ilikuwa imelala kwenye maji ya rangi ya chai, jeki imeshikana na sakafu kwa kutu mpaka nikaing'oa kwa nyundo. Maji yalikuwa yakipenya pembeni mwa taa ya nyuma, mpira wake umekauka. Mpira ule ulikuwa wa bei ya kutupa. Kutu ndiyo iliyonila. Tangu siku hiyo napitisha mkono pande zote za shimo la spea na kunusa. Uvundo hausafishiki kwa nusu saa. Kama gari lina paa la kioo, uliza kuhusu mifereji ya kutolea maji, maana ikiziba maji hushuka mpaka ndani.

Rudi nyuma hatua kumi, gari likiwa tupu kwenye ardhi tambarare. Limeinama kwa nyuma? Springi zimechoka kwa mizigo. Baadhi ya wagoni za Mercedes-Benz na Volvo zina mfumo wa nyuma unaojisawazisha wenyewe kulingana na mzigo. Ni raha ukifanya kazi, na ni ghali ukifa. Ukiona ndoano ya trela, uliza lilivuta nini na kwa muda gani. Kuvuta trela si kosa, lakini giaboksi na klachi hulipia. Usisahau kukunja viti vya nyuma na kuvirudisha. Mzigo ulioruka mbele huacha alama migongoni mwa viti, na hapo ndipo unapojua gari lilibeba matandiko au matofali.

Injini lazima uikute ya baridi. Mwombe muuzaji asiliwashe kabla hujafika, na ukifika, kabla hata salamu hazijaisha, weka kiganja juu ya boneti. Likiwa la moto atasema, "Nililisogeza tu kidogo, ndugu yangu." Huenda ni kweli. Mwambie utarudi kesho asubuhi.

Fungulia swichi bila kuwasha injini. Taa za oili, injini, breki na mifuko ya hewa zote zinatakiwa kuwaka, kisha zizime injini ikishawaka. Taa isiyowaka kabisa inanitisha kuliko inayogoma kuzima, kwa sababu huenda kuna mtu ameizima makusudi. Injini ikiwaka, tazama eksozi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe wa dakika za mwanzo asubuhi ni mvuke tu. Mzito usiokwisha hata injini ikishapata moto huashiria maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda, na hapo unazungumzia gasketi ya silinda hedi. Ute wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili unaweza kutokana na safari fupifupi, lakini ukiuona pamoja na moshi huo, aga kwa heshima. Kifuniko cha rejeta kiguse injini ikiwa ya baridi tu.

Swali moja linaweza kubadilisha bei nzima: mkanda wa taimingi, ule unaofanya valvu ziende sambamba na pistoni, ulibadilishwa lini? Injini nyingine zina cheni, nyingine mkanda wa mpira, na mikanda mingi hutakiwa kubadilishwa kati ya kilomita 90,000 na 160,000, au baada ya miaka kadhaa hata kama kilomita hazijafika. Kwenye injini nyingi mkanda ukikatika, pistoni hugonga valvu na injini imekwisha. Kama hakuna risiti, hesabu kwamba haujabadilishwa, toa gharama hiyo kwenye bei, na wota pampu ibadilishwe siku hiyohiyo kama inaendeshwa na mkanda huo.

Giaboksi ya otomatiki usiiamini kwa maneno kwamba oili yake ni ya maisha. Ukiweka D halafu R, ipokee bila kishindo wala kusitasita. Gari linalovuta magurudumu manne linataka tairi nne zinazolingana. Tairi mbili mpya na mbili zilizoisha hulazimisha difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu, kufanya kazi muda wote. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yenye kashata nzuri, yaani yale meno yake, lakini ya miaka kumi ni ya kubadilisha.

Barabarani zima redio. Kata kona usukani ukiwa umekunjwa mpaka mwisho. Mlio wa ta-ta-ta ni viungo vya ekseli. Pita kwenye matuta na usikilize nyuma, kwa sababu wagoni tupu hupiga kelele zinazojificha ikiwa na mzigo. Endesha angalau nusu saa ukiangalia geji ya joto, maana lenye tabia ya kuchemsha huwa linajizuia dakika kumi za kwanza.

Halafu lipeleke gari kwa fundi wako, si wa muuzaji. Aunganishe mashine ya kusoma makosa, na mwombe aangalie pia kama majaribio ambayo kompyuta ya gari hujifanyia yamekamilika. Mtu akifuta makosa asubuhi ya mauzo, skrini itakuwa safi lakini majaribio yatakuwa hayajaisha, kwani mengine huhitaji siku kadhaa za kuendesha. Muuzaji anayekataa gari lisipelekwe kwa fundi amekuokolea nauli.

Ukishalipa, kabla ya safari yoyote ndefu badilisha oili ya injini na filta zote, maji ya rejeta na mafuta ya breki. Kisha chukua daftari, andika tarehe, kilomita na kilichobadilishwa, uliweke kwenye kisanduku cha dashibodi pamoja na risiti za mwenye gari wa kwanza.