Kasino za swipsteki hapa Texas: jinsi ya kujua umesimama wapi kabla hujaweka hata dola

Hili swali halikauki kwenye magrupu yetu ya Dallas na Houston, hasa kwa madereva wa malori na wale wa shifti za usiku: jamani ile app ya sloti inayotangazwa kila kona, Texas inaruhusiwa au tutakuja kufungwa? Na majibu ni yale yale, mmoja anasema ni halali mbona inafunguka, wa pili anasema haramu maana Texas kamari ni marufuku, wa tatu hajibu swali anatuma linki yake ya mwaliko ili apate bonasi. Mimi si mwanasheria, niseme mapema. Ila shemeji yangu aliingia huko mpaka shingoni na ikabidi nikae nisome vigezo na masharti, sheria, barua za wanasheria wakuu, kila kitu, kwa hiyo naeleza ninavyoangalia mimi hatua kwa hatua, na nitakaa kwenye Texas sababu ndiko ninakoishi na ndiko penye utata.

Kwanza uelewe hizi kasino za swipsteki zinauza nini, la sivyo mengine yote hayatakuingia. Nyumbani tumezoea swali moja tu, hii kampuni ina leseni? Kule Bongo unashuka chini ya ukurasa unakuta wametaja Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, basi imeisha. Hizi hapa hazina leseni ya kamari ya Texas kwa sababu zenyewe zinadai sio kamari. Fungua duka lao ndani ya app utaona kifurushi kama hiki: dola 9.99 unapata koini za dhahabu laki moja, na pembeni kwa maandishi ya kijani, BURE SC 10. Koini za dhahabu hazina kazi, ni za kujifurahisha tu, hupati hata pipi. SC, yaani koini za swipsteki, ndio zenye mambo, maana SC 1 unaibadilisha kwa dola 1. Yaani wewe moyoni unajua umenunua SC 10 kwa dola kumi, ila kwenye karatasi umenunua koini za mchezo na SC umezawadiwa.

Kwa nini wajisumbue hivyo? Kwa sababu majimbo mengi ya Marekani yanahesabu kamari kwa vitu vitatu vikikaa pamoja: zawadi, bahati, na malipo. Ukiondoa kimoja inakuwa promosheni ya zawadi, ndiyo hiyo swipsteki, kama zile za soda tulizokuwa tunabandua kizibo kuangalia chini kama umeshinda. Wao wanasema wameondoa malipo, kwa kuwa SC unaweza kuipata bila kununua kitu: unaandika ombi kwa mkono kwenye kadi, jina, anuani, maneno waliyokuelekeza neno kwa neno, unaweka kwenye bahasha, unabandika stempu, unasubiri wiki kadhaa wakuwekee SC chache. Njia ipo kweli, na ukikosea herufi moja wanaitupa. Jiulize ni wangapi unaowajua wanacheza kwa bahasha. Hilo ndilo swali ambalo mahakama na wanasheria wakuu wanajiuliza pia, kama hiyo kadi ni njia ya kweli au ni pazia, na majibu yanatofautiana jimbo na jimbo.

Sasa hatua ya pili, jua uko jimbo gani. Unacheka, lakini kinachohesabika ni pale mwili wako ulipo wakati unabonyeza, sio leseni yako ya udereva imetoka wapi. Dereva anayepanda barabara kuu ya I-10 kutoka Los Angeles anaanzia California, ambako sheria ya AB 831 iliyosainiwa na Gavana Newsom Oktoba 2025 inazipiga marufuku kuanzia Januari 1, 2026. Anapita Arizona, New Mexico, anaingia Texas pale El Paso, siku nzima bado yuko Texas, halafu akipita Beaumont na Orange tu yuko Louisiana na mambo yamebadilika tena. Simu ile ile, akaunti ile ile. Na usijidanganye na VPN, zile app za kuficha ulipo, kwenye masharti yao karibu wote wameandika kwamba wakikukamata nayo wanafunga akaunti na salio linabaki kwao, na tabia yao ni kukuacha ucheze weee halafu siku ya kutoa hela ndio wanagundua.

Hatua ya tatu ni kuliweka jimbo lako kwenye kapu lake, na hapa ndio watu wengi wanateleza. Kuna majimbo yaliyoandika sheria kabisa, mwaka 2025 peke yake kuna Montana, Connecticut, New Jersey, California na New York. Hayo hayana mjadala. Kuna majimbo ambayo hayana sheria mpya ila serikali imeshasema sheria ya zamani inatosha, na haya ndio yanachanganya. Chukua Louisiana ya mwaka 2025. Bunge lao lilipitisha muswada wa kuzipiga marufuku, Juni 2025 Gavana Landry akaukataa. Watu wakashangilia, eti Louisiana imeruhusu. Hapana! Aliukataa akisema bodi yao ya michezo ya kubahatisha tayari ina mamlaka hayo, hauhitajiki, na bodi hiyo ikawatumia barua za kusitisha waendeshaji zaidi ya arobaini. Kwa hiyo ukiona kichwa cha habari kwamba muswada umekwama, usikimbilie kuweka hela, soma umekwama kwa sababu gani. New York nayo kabla haijapata sheria yake ilikuwa hivyo, Mwanasheria Mkuu Letitia James alituma barua kwa kasino 26 Juni 2025 akitumia sheria zilizokuwepo siku zote.

Halafu kuna kapu la waliokaa kimya, na Texas naiweka humo. Hakuna kifungu Texas chenye neno swipsteki kasino ya mtandaoni, cha kuruhusu wala cha kukataza. Na usitegemee kitabadilika kesho, maana bunge la hapa linakaa miaka ya witiri tu, siku 140 kuanzia Januari, lilikaa 2025 na kikao cha kawaida kinachofuata ni 2027. Sasa kimya hicho wenye app wanakitafsiri kuwa ruhusa. Mimi sikitafsiri hivyo, na sababu yangu ni hatua ya nne.

Hatua ya nne: jimbo likikaa kimya, angalia lilifanya nini na ujanja wa aina hiyo hiyo ulipokuja kwa sura nyingine. Kila aliyeishi Houston au Fort Worth anazijua zile gemu rumu, kioo cheusi, taa nyekundu ya OPEN, ndani kuna mashine za eitilaina ambazo picha zinajipanga kwa mistari minane. Wenye mashine walijificha kwenye upenyo wa Kanuni ya Adhabu ya Texas, sura ya 47, inayosema mashine sio ya kamari kama zawadi sio hela taslimu na thamani yake haizidi mara kumi ya ulicholipa au dola 5, ile iliyo ndogo. Upenyo huo watu wanauita wa midoli, maana uliwekwa kwa ajili ya zile mashine za watoto za kushinda mdoli wa manyoya. Walipigana mahakamani miaka na miaka. Mahakama Kuu ya Texas mwaka 2003 ilishawakatalia wale waliokuwa wanatoa vocha za zawadi badala ya hela, na kwenye kesi ya jiji la Fort Worth, mahakama ya rufaa ya hapo mwaka 2022 ikasema eitilaina ni bahati nasibu, na bahati nasibu inakatazwa na katiba ya jimbo lenyewe. Sasa pima mwenyewe, SC inabadilishwa kwa dola taslimu na hakuna kikomo cha dola 5. Kama mdoli ulishindwa kuwaokoa, bahasha na stempu itawaokoa? Labda. Sijaona jaji wa Texas aliyeletewa hizi app akatoa jibu la mwisho, ndio maana nasema ni utata na sisemi ni haramu.

Na kuna lingine la karibuni. Texas kulikuwa na app za kukununulia tiketi za loto, nazo kwa miaka zilikuwa zinasema hakuna sheria inayotukataza. Aprili 2023 kuna kundi likanunua karibu namba zote zinazowezekana na kubeba jakipoti ya dola milioni 95, watu wakachachamaa, na 2025 bunge likapiga marufuku hizo app na tume nzima ya loto ikavunjwa, kazi ikahamishiwa idara nyingine ya leseni kuanzia Septemba mosi. Kimya cha Texas huwa kinaisha ghafla.

Je mchezaji anashikwa? Kwenye vitabu, kucheza kamari Texas ni kosa la daraja C, faini isiyozidi dola 500, hamna jela. Na majimbo yanayozifukuza hizi kasino yanawalenga waendeshaji na wanaowapa huduma, sio wewe uliyejifunika blanketi saa nane usiku. Mtu aliyezaliwa hapa anaweza kuishia hapo akaendelea na maisha yake. Sisi wengine hatuwezi, na hapa naomba usome polepole.

Kama uko kwenye grinikadi na unategemea uraia, fungua fomu N-400 ya kuomba uraia, kwenye yale maswali ya ndiyo na hapana kuna linalouliza kama umewahi kucheza kamari kinyume cha sheria au kupata kipato kutokana na kamari haramu. UMEWAHI, sio umehukumiwa. Na sheria ya uhamiaji inasema aliyehukumiwa makosa mawili au zaidi ya kamari, au ambaye kipato chake kikubwa kinatoka kwenye kamari haramu, hahesabiki kuwa na mwenendo mwema katika kipindi wanachokikagua. Sasa ukikaa mbele ya ofisa unajibu nini kuhusu kitu ambacho jimbo lenyewe halijajibu? Ukisema hapana na taarifa za benki zina miamala mia mbili, unaonekana umeficha. Ukisema ndiyo, umejihukumu kwa kosa ambalo hakuna aliyethibitisha kuwa ni kosa. Kwa hiyo kabla ya kujaza, hilo swali mpelekee mwanasheria wa uhamiaji mwenye leseni, na nasema mwanasheria kweli, sio yule wa kibanda cha kutuma hela anayejiita notario, huyo Texas hana ruhusa ya kukushauri sheria.

Kodi nayo, kwa haraka. IRS, watu wa kodi wa serikali kuu, haijali utata wa jimbo, ulichoshinda ni kipato hata kama hukuletewa karatasi. Fomu ya 1099, ile karatasi ya kutaja ulicholipwa, ilikuwa inatumwa kuanzia dola 600, kwa malipo ya 2026 kwenda mbele ni dola 2,000, lakini hicho ni kiwango cha wao kutuma, wewe unatakiwa kutaja hata kilicho chini. Uliyoliwa unaweza kukata tu kama unaorodhesha makato yako moja moja, ambapo wengi wetu hatufanyi hivyo, na kuanzia 2026 hata hayo unaruhusiwa kukata asilimia 90 yake tu. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, angalau hapo tumepona.

Ukishajua yote hayo na bado unataka, mambo ya kukagua kwenye vigezo na masharti kabla ya kuweka kadi yako ya benki: tafuta orodha ya majimbo waliyoyatenga, na uirudie kila mwezi maana inarefuka. Tafuta kiwango cha chini cha kutoa, wengine SC 50, wengine 100. Tafuta kipengele cha usuluhishi, karibu wote wanacho, kinasema ukidhulumiwa huendi mahakamani. Na jina lako, jamani, liwe sawasawa na kitambulisho. Ndugu zetu waliokuja kama wakimbizi kutoka Kongo wengine kwenye karatasi wameandikwa FNU, yaani jina la kwanza halijulikani, kwa sababu ofisi haikuona jina la kwanza, ukifungua akaunti kwa jina unaloitwa kanisani, siku ya kutoa hela ndio utajua hujui.

Picha za skrini piga kila mwezi: salio, ulichonunua, ulichotoa. Kampuni ikitangaza inaondoka jimboni huwa inatoa tarehe ya mwisho ya kutoa, na tangazo linaweza kuja kwa barua pepe ambayo hata huifungui. Shemeji alikuwa na SC 43, kiwango cha chini kilikuwa 50, tarehe ikafika akiwa njiani anarudi Amarillo na mzigo wa nyama. Alijaribu kununua kifurushi kidogo azijazie zifike 50, duka likawa limeshafungwa ila mchezo bado unafunguka, anaweza kuzichezea mpaka ziishe lakini kuzitoa hawezi. Alipaki pale pale kwenye kituo cha mafuta akazicheza zote. Siku hizi app hana, alijifungia mwenyewe akaunti zilizobaki baada ya kupiga 1-800-GAMBLER, namba ya msaada kwa walionaswa na kamari, na kuna kitufe cha kujifungia kwenye nyingi ya hizi app, kiko ndani kabisa kwenye mipangilio, kwenye ukurasa wa kucheza kwa kiasi, ukichagua muda wa kudumu hawafungui tena hata uwaombe vipi.