Kabla nchi haijahamia kilo na mita

Marekani, Liberia na Myanmar ndizo hutajwa kila mara kuwa hazijahamia kikamilifu mfumo wa metriki. Siku nchi hizo zitakapojiandaa kwa dhati kuhama, wataalamu wao waje Tanga, wazunguke soko la Mgandini na maduka ya vifaa vya ujenzi ya Ngamiani. Kisheria sisi ni watu wa kilo na lita tangu zamani. Sokoni, mahindi bado yanapimwa kwa sado na debe, dalali anauza shamba kwa ekari, na fundi anaagiza bomba la nusu inchi.

Jambo la kwanza ni tarehe, nayo isiwe ya hiari. Australia ilipitisha sheria yake mwaka 1970, na Julai 1974 ikabadili vibao vya barabarani kutoka maili kwenda kilomita ndani ya mwezi mmoja. Marekani ilipitisha ya kwake mwaka 1975 ikaacha kila mtu aamue mwenyewe. Mwaka 1982 bodi iliyosimamia kazi hiyo ikavunjwa. Uingereza hadi leo barabara zake ni za maili. Kipindi cha vipimo viwili kutumika pamoja ndicho cha hatari, kwa hiyo kifupishwe. Mwaka 1983 ndege ya Air Canada iliishiwa mafuta angani kwa sababu hesabu ilifanywa kwa ratili badala ya kilo. Rubani aliitua Gimli, mji wa Kanada, bila injini, na hakuna aliyekufa. Mwaka 1999 NASA ilipoteza chombo chake kilichokwenda sayari ya Mirihi, kosa likiwa la aina hiyo hiyo.

Kinachonikera zaidi ni kutangaza sheria kabla mizani haijafika sokoni. Mama anayeuza maharage anahitaji mizani anayoimudu, iliyokaguliwa na yenye stika ya Wakala wa Vipimo, na karibu naye pawe na mahali pa kuipeleka ikiharibika. Akikosa hivyo atabaki na sado, na sado haisemi uzito. Ukiijaza dagaa na ukiijaza maharage, uzito ni tofauti kabisa. Iangalie kwa karibu: ikibonyezwa kitako kikaingia ndani, au ukingo wake ukikatwa kidogo, mnunuzi anaondoka na pungufu huku juu ameona kilima kizuri. Kwa mkulima wizi unageuka, gunia linashonewa kofia, lumbesa, naye analipwa bei ya gunia la kawaida. Wanaoumia ni wasio na mizani nyumbani. Kwa hiyo mizani itangulie, ukaguzi ufuate, ndipo faini.

Vipimo vidogo visisahaulike. Mwenye shilingi mia tano lazima aweze kununua bila aibu, vinginevyo atarudi kwenye kopo. Hata Ufaransa, iliyoasisi mfumo huu, ililegeza mwaka 1812 ikaruhusu majina ya zamani sokoni, na metriki ikawa lazima tena mwaka 1840.

Kwenye ufundi pole pole inafaa. Inchi moja ni milimita 25.4 kamili, lakini bomba lililokwisha fukiwa ukutani halibadiliki kwa tangazo, na viungio vyake viendelee kupatikana miaka mingi. Michoro mipya ndiyo ianze na milimita. Wajenzi wa Australia walitumia milimita badala ya sentimita kwenye michoro, wakapunguza makosa ya desimali.

Shuleni, majedwali ya kugeuza ratili kuwa kilo yasiwe ndiyo somo lenyewe. Mtoto apime mlango wa darasa kwa mita, anyanyue kilo moja ya sukari, ajue mfuko wa saruji unaotoka Pongwe ni kilo 50. Akishika hivyo hahitaji kugeuza chochote.

Mwisho ni karatasi. Mikataba ya mashamba iliyoandikwa kwa ekari ipimwe upya na kuandikwa kwa hekta au mita za mraba, mipaka ikiwekewa alama mbele ya majirani wote, na gharama ibebwe na serikali.