Jinsi ya kupata hukumu na majalada ya kesi za fidia ya ajali nchini Kenya

Wiki haipiti bila mtu kuingia ofisini kwetu na swali lile lile: "Yule aliyevunjika mguu kama wangu, mahakama ilimpa ngapi?" Mimi ni karani katika ofisi ya mawakili hapa Mombasa, na sehemu kubwa ya siku yangu huishia kwenye kuchimbua kesi za watu waliogongwa, waliopinduka na matatu au walioanguka na bodaboda. Anayejaribu mwenyewe huandika jina la majeruhi kwenye simu, akapata patupu, akasema kesi zimefichwa. Hazikufichwa. Ameingilia mlango wa mbele, na kesi hizi huingiliwa mlango wa nyuma.

Hatua ya kwanza: jua kesi ililala wapi

Kesi ya ajali ya barabarani huanzia kwa hakimu. Hakimu mkuu husikiliza madai ya hadi shilingi milioni 20, hakimu mkazi hadi milioni 5, na kati yao kuna ngazi nyingine. Tangu 2021 dai lisilozidi shilingi milioni 1 laweza pia kwenda Mahakama ya Madai Madogo. Karatasi za kwa hakimu, kwa sehemu kubwa, hazimo mtandaoni. Kilichomo kwa wingi ni rufani zilizopanda kutoka huko hadi Mahakama Kuu. Kwa hiyo unatafuta rufani kwanza, kisha unateremka nayo mpaka kwenye jalada la chini.

Kituo cha mahakama nacho usikikisie haraka. Mdai anaweza kushtaki pale ajali ilipotokea au pale mdaiwa anapokaa au kufanyia biashara. Basi lililopinduka Mariakani laweza kuwa na kesi Mariakani, nyingine Mombasa, nyingine Nairobi. Tena abiria kumi na wanne ni majalada kumi na manne. Mara nyingi jalada moja huteuliwa liwe la mfano kuamua nani mwenye kosa, na mengine yakafuata uamuzi huo huku kila moja likipigiwa hesabu yake ya fidia. Ukipata moja, endelea kutafuta.

Aliyeumia kiwandani ana njia yake. Sheria ya fidia ya majeraha ya kazini ya 2007 hulipeleka dai kwa Mkurugenzi wa usalama na afya kazini kabla ya mahakama yoyote, na Mahakama ya Juu (Supreme Court) iliithibitisha sheria hiyo Desemba 2019. Mabishano ya huko yatafute chini ya Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Hatua ya pili: ingia Kenya Law

Kenya Law ndiyo taasisi ya umma inayochapisha hukumu na sheria za nchi. Tovuti yake haina kiingilio wala haihitaji akaunti. Hukumu zenyewe zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo ukitafuta kwa Kiswahili utakesha bure.

Anza na namba ya gari, si jina la mtu. Jaji karibu kila mara huitaja gari kwa namba yake ya usajili, na namba haina tahajia tatu. Jina la Mohamed laweza kuandikwa kwa "m" moja au mbili, kwa "o" au kwa "u", na mwanamke akaandikwa kwa jina la baba kwenye hukumu hali mtaani anajulikana kwa jina la mume. Namba ya gari iandike mara mbili: mara moja ukiacha nafasi baada ya herufi tatu za mwanzo, mara ya pili ukiziunganisha na tarakimu. Ziweke ndani ya alama za kunukuu ili mtambo usizikatekate. Kama kisanduku cha tovuti hakikupi kitu, nenda Google, andika site:kenyalaw.org, acha nafasi, kisha namba yako. Mara nyingi Google huona ndani zaidi.

Kama huna kesi maalumu ila unataka kujua majeraha ya aina fulani hulipwa vipi, tafuta kwa mfupa. Paja ni "femur", muundi ni "tibia" na mwenzake "fibula", mtulinga ni "clavicle". Michubuko na uvimbe pasipo mfupa kuvunjika wao huita "soft tissue injuries", na rufani za aina hiyo ni nyingi kupita kiasi, kwa hiyo punguza kwa mwaka. Ongeza neno "quantum", ambalo mawakili hulitumia wanapobishania kiasi cha fidia peke yake.

Majeruhi akiwa mtoto, utakuta herufi za mwanzo tu za jina lake, na kesi imesimamiwa na mzazi au mlezi. Hapo jina halitakusaidia kabisa. Tegemea gari au jeraha.

Hatua ya tatu: soma kichwa cha hukumu polepole

Hapa ndipo watu hupita mbio, na ndipo mali ilipo.

Juu kabisa kuna rejea. Hukumu za zamani huishia na eKLR, mfano mwaka kwenye mabano kisha herufi hizo. Za miaka ya karibuni zina mwaka, herufi za mahakama, namba, kisha KLR. KEHC ni Mahakama Kuu, KECA ni Mahakama ya Rufani, KEELRC ni ile ya ajira, KEMC ni ya mahakimu. Nakili rejea yote kama ilivyo. Wakili hawezi kuitegemea hukumu mbele ya hakimu kwa kusema "niliiona kwenye simu".

Chini ya majina ya wahusika kuna mstari mdogo, mara nyingi ndani ya mabano, unaosema rufani hii imetoka kwa hakimu yupi, mahakama ipi, tarehe gani na kesi namba ngapi. Mstari huo ndio ufunguo. Ukiona CMCC ni kesi ya madai kwa hakimu mkuu, SPMCC ni kwa hakimu wa ngazi inayofuata chini yake, kisha namba na mwaka. Herufi E mbele ya namba ina maana ilifunguliwa kwa mfumo wa kielektroniki, ulioanza Nairobi Julai 2020 na baadaye ukaenea nchi nzima. Mstari ukikosekana, teremka aya mbili tatu. Jaji huirudia namba anapoanza kusimulia.

Kisha nenda mwisho wa hukumu uone hesabu. Sema jaji ametoa 800,000 kwa maumivu na 50,000 za gharama zenye risiti. Jumla 850,000. Lakini kama mdai amebebeshwa asilimia 20 ya kosa, tuseme alivuka barabara bila kuangalia, zinakatwa 170,000 na anabaki na 680,000. Anayesoma juu juu atakwenda kusimulia kijiweni kwamba mtu alilipwa laki nane na nusu. Na tazama mwaka. Kiasi cha 2009 hakiwekwi mezani leo bila kuzungumzia thamani ya shilingi, na majaji husema hivyo wenyewe.

Hatua ya nne: hakikisha hukumu bado iko hai

Hili nililipia kwa aibu. Miaka ya mwanzo nilimchapishia wakili hukumu nzuri sana ya Mahakama Kuu, jeraha lile lile, kiasi kinono. Akaisoma mbele ya hakimu kwa mbwembwe. Wakili wa upande wa pili akainuka taratibu, akatoa karatasi moja: Mahakama ya Rufani ilikuwa imeikata nusu. Niliyekuwa nimekaa benchi la nyuma ni mimi, na hakuna aliyehitaji kuniambia kitu.

Tangu siku hiyo, kila hukumu naitafuta tena kwa majina ya pande zote mbili, kisha kwa namba ya rufani. Mara nyingi hutokea maamuzi mengine madogo ya kesi hiyo hiyo. Lililo la kawaida ni ombi la kusimamisha malipo rufani ikisubiriwa, ambapo mahakama huweza kuamuru sehemu ya fedha iwekwe kwenye akaunti ya pamoja ya mawakili. Uamuzi huo haukwambii mwisho wa kesi, lakini unakupa namba ya jalada la chini hata kama rufani yenyewe ilimalizwa kwa maelewano na haikuandikwa hukumu.

Hatua ya tano: kampuni ya bima iko wapi?

Watu hushangaa kuikosa. Kesi ya kwanza ni kati ya majeruhi na mwenye gari au dereva. Bima haitajwi kama mdaiwa, ingawa wakili anayemtetea mwenye gari mara nyingi amelipwa nayo. Chini ya sheria ya bima ya magari kwa watu wa tatu, Sura ya 405, bima hupewa notisi kabla ya kesi kufunguliwa au ndani ya siku 14 baadaye. Hukumu ikitoka na bima isilipe, majeruhi hufungua kesi ya pili dhidi yake. Wakati mwingine bima hutangulia yenyewe kwenda mahakamani kuomba itamkwe kwamba haihusiki. Kwa hiyo jina la kampuni ya bima litafute peke yake pamoja na namba ya gari. Sheria hiyo pia ina kikomo cha shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja, na kesi za pili nyingi zinazunguka hapo.

Hatua ya sita: masijala, ofisi ya mahakama inayotunza majalada

Sasa una namba. Ripoti ya daktari, abstrakti ya polisi (muhtasari wao wa ajali), fomu ya P3 (ya polisi, daktari huijaza kuhusu majeraha), ushahidi wa mashahidi, vyote viko ndani ya jalada na si mtandaoni. Mfumo wa kielektroniki hufunguliwa na wahusika na mawakili wao. Wewe mpita njia nenda kaunta ya masijala ya madai, omba kulipekua jalada, upewe ankara ulipe kwa M-Pesa. Andika ombi fupi: namba ya kesi, majina ya pande mbili, wewe ni nani, unataka kuona nini.

Juzi mama mmoja wa Likoni aliniomba nimsindikize. Alikuwa na jina la mwanawe tu, na mwaka aliokisia. Karani wa kaunta akamwamkia vizuri, "Shikamoo mama," kisha akamwonyesha rejista: kitabu kipana, kurasa zimeliwa pembe, mistari ya mwaka mmoja inajaza meza. Tulisoma kwa kidole karibu saa nzima. Mwaka ulikuwa umekosewa kwa mmoja. Siku ile ile mtu nyuma yetu alikuja na namba kamili kutoka kwenye kichwa cha rufani, akaondoka na ankara yake kabla hatujafungua ukurasa wa pili wa rejista.

Jalada likiwa mezani kwa hakimu au limepandishwa Mahakama Kuu kwa ajili ya rufani, utaambiwa halipo. Uliza liko wapi na tangu lini, na uandike jina la uliyemuuliza. Ukitaka nakala ya kupeleka popote, omba iliyothibitishwa kwa mhuri, kila ukurasa. Picha ya simu haipokelewi, na walinzi wa kaunta wengine hawataki hata uitoe mfukoni.

Walioko Tanzania wana TanzLII, nayo ni bure, na kwa kuwa sheria ya 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, huko ukitafuta jaribu "fidia" na "ajali" pamoja na maneno ya Kiingereza.

Ukirudi masijala siku ya pili kufuatilia, nenda na risiti. Watakuuliza hiyo kabla ya namba ya kesi.