Mwalimu mkuu mgeni huku kusini mwa Tanzania, panga mwaka wa shule huku unaangalia msimu wa korosho

Habari za kazi walimu wenzangu. Nawaandikia hasa nyie mnaohamishiwa Tandahimba, Newala, Nanyamba, Masasi, Ruangwa, Liwale na kwingineko huku, mnakuja na ratiba nzuri kutoka mikoa mingine afu ikifika mwezi wa kumi unaingia darasani unakuta madawati matupu, watoto wako mashambani wanaokota korosho, na hujui uanzie wapi. Kalenda ya wizara utaifuata, siku 194 za masomo ni zilezile Mtwara na Kagera. Ila kabla hujapanga chochote chukua karatasi, kaa na walimu wenyeji pamoja na mwenyekiti wa kijiji, muandike kila mwezi watu wa pale wanakuwa kwenye nini: salfa (dawa ya unga ya mikorosho) wanapuliza lini, kuokota kunaanza lini, minada, malipo, mvua, jando na unyago. Hiyo karatasi ndo iongoze mengine yote, na uibandike ofisini pale kila mwalimu aione.

Nianze na kugawa walimu maana hapa ndo shule inapojengwa au kubomoka. Shule nyingi darasa la kwanza wanampa mwalimu aliyechoka, au mgeni ambaye hawezi kukataa, afu yule mkali wa shule wanamuweka la saba kwa sababu ya matokeo. Mi napinga kabisa huo utaratibu. Mtoto asiyejua kusoma akifika la tatu huwezi kumkomboa kwa miujiza ya la saba, kwa hiyo mwalimu wako bora kuliko wote, mwenye sauti, mwenye uvumilivu, anayejua kuimba na watoto, mpe la kwanza na umuache hapohapo miaka kadhaa asihamishwehamishwe. Kusoma na kuhesabu viwekwe asubuhi kabisa watoto wakiwa bado na nguvu, vipindi vya la kwanza na la pili ni dakika 30, kuanzia la tatu dakika 40, usivirefushe kwa kudhani unafidia kitu, mtoto wa miaka sita akishachoka amechoka.

Mwalimu wa taaluma awe na daftari moja tu rahisi, sio mafaili kumi. Kila mtoto wa la kwanza mpaka la nne aandikwe yuko wapi: anajua herufi tu, anasoma silabi, anasoma sentensi, anasoma aya na kuielewa. Afu mara tatu au nne kwa wiki kiwepo kipindi ambacho watoto wanakaa kwa kiwango chao na sio kwa darasa lao, wa la tatu anayesoma silabi anakaa na wa la pili wa silabi, bila kuchekwa na bila kuitwa majina. Hili la kutochekwa mwalimu mkuu mwenyewe alisimamie, maana mtoto akizomewa siku moja tu kesho haji.

Mambo ya zamu, paredi, viranja, usafi wa maeneo na kengele hayo kila mwalimu anayajua, siyarefushi. Niseme tu kwamba viranja wachaguliwe na wanafunzi wenyewe, wa kike na wa kiume sawasawa, na kiranja asiruhusiwe kumpiga mtu hata kidogo. Na vyoo vihesabiwe kwa ukweli, tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, kama hamjafika hapo basi hiyo ndo ajenda ya kwanza ya kamati ya shule kabla ya kupaka rangi ofisi.

Sasa mwezi wa kumi. Mtihani wa la saba unafanyika mwezi wa tisa, kuokota kunakuwa ndo kwanza kunaanza, kwa hiyo la saba hawaathiriki sana. Wanaoumia ni la nne, upimaji wao wa taifa unaangukia mwezi wa kumi kuelekea wa kumi na moja, katikati kabisa ya msimu, na pia wale wadogo ambao wanabebwa na wazazi kwenda kulala shambani wiki nzima. Cha kufanya ni kwamba azimio la kazi (mpango wa mada za mwaka) la darasa la nne lipangwe toka Januari ili mada zote ziishe mwishoni mwa mwezi wa nane, mwezi wa tisa na wa kumi iwe marudio tu, mtoto akikosa siku mbili hajakosa mada mpya. Jambo la pili ni la walimu. La saba wakishamaliza mtihani kuna walimu ghafla wanakuwa na vipindi vichache, shule nyingi wanaachwa wanakaa ofisini au na wao wanakimbilia mashamba yao, hapana, siku inayofuata baada ya mtihani wawe na ratiba mpya mkononi, huyu aingie la nne hisabati, huyu asaidie la pili kusoma, huyu achukue waliorudi kutoka shamba awafidie vipindi vilivyowapita.

Na daftari la mahudhurio lisiwe la kuweka alama tu. Mwalimu wa darasa aandike pembeni sababu: kaenda kuokota, mgonjwa, kahama, yuko jando. Ukisoma daftari la namna hiyo wiki mbili tu unajua ni nyumba zipi za kutembelea, na ukienda nenda kwa adabu, usiende na maneno ya kumfikisha mtu kwa mtendaji. Mazungumzo yenyewe huwa hivi:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwalimu, karibu."

"Bibi, mjukuu wetu simuoni shule toka juzi."

"Yuko shamba na mjomba wake, wanamaliza kuokota wiki hii."

"Basi bibi naomba niongee na mjomba, mtoto aokote Jumamosi na Jumapili, siku nyingine aje asome, ana mtihani mwezi huu."

Mgeni asipoambiwa hili anapoteza muda mwingi: huku kwa Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua ukoo unahesabiwa kwa mama, mjomba ana neno kubwa sana juu ya mtoto. Unaweza ukambana baba mwezi mzima anaitikia ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu, na mtoto haonekani, ukiongea na mjomba jioni moja kesho yake mtoto yuko mstarini. Kwa hiyo kwenye fomu za kuandikisha la kwanza ongeza sehemu ya jina na simu ya mjomba au bibi anayelea.

Jando na unyago ni hivyohivyo, ukipambana navyo unashindwa, ukipanga navyo mnaelewana. Watoto wengi wanaingia likizo ya mwezi wa sita na ya Desemba, shida ni kwamba sherehe zikichelewa mtoto anarudi shule imeshafunguliwa wiki ya pili au ya tatu. Kaa na mwenyekiti wa kijiji, ngariba, manyakanga (wakuu wa jando na unyago) na makungwi mapema, mwezi wa tano na mwezi wa kumi na moja, uwape tarehe ya kufungua shule kwenye karatasi, muelewane watoto wawe wameshatoka. Wale wasichana wakubwa ongea na wazazi wao pembeni kabisa, kwa lugha nyepesi, kwamba kuchezwa unyago sio ruhusa ya kuolewa wala kuacha shule, na mwalimu wa kike mmoja apewe jukumu la kuwafuatilia wakirudi.

Masomo ya ziada ya mchana yapangwe baada ya kuongea na ustadhi wa madrasa, maana watoto wengi wanatoka shule wanaingia chuoni, mkigongana mtoto ndo anachapwa huku na huku. Ijumaa maliza vipindi vizito mapema watu wawahi msikitini.

Chakula. Mtoto aliyetoka nyumbani alfajiri bila kitu hasikii unachofundisha saa tano. Uji wa saa nne unawezekana ukipanga wakati wa hela, sio Machi ambapo mzazi hana hata ya chumvi. Itisha mkutano wa wazazi malipo ya korosho yanapotoka, Novemba au Desemba, kamati ya shule ndo iongee na sio wewe, wakubaliane wenyewe kiasi cha unga, sukari na karanga kwa mwaka mzima na kichangwe palepale msimuni. Muhtasari uandikwe na usainiwe, afisa elimu kata apate nakala. Mzazi asiyeweza asilazimishwe na mtoto wake anywe uji kama wenzake, elimu ni bila ada na hakuna mtoto wa kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango.

Kwa wanaopanga miaka ya mbele: mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa awali, la kwanza na la tatu, na kwa mtaala huo shule ya msingi inaishia la sita, maana yake waliokuwa la tatu mwaka ule wanamalizia la sita 2027, mwaka uleule na la saba wa mwisho wa mtaala wa zamani. Madarasa mawili ya kumaliza kwa wakati mmoja, angalieni vyumba, madawati na walimu kuanzia sasa.

Mwisho shamba la shule. Shule nyingi huku zina mikorosho, na huwa ndo chanzo cha manung'uniko kijiji kizima. Korosho ziuzwe AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) kwa jina la shule, hela ziingie akaunti ya shule, kilo na bei viandikwe ubaoni pale getini kila mtu asome, na watoto wasitolewe darasani kwenda kupalilia saa za vipindi. Hela ya kwanza mi ningeiweka kwenye mifereji ya bati na tangi, hasa nyie wa juu kule Newala na Tandahimba ambako watoto wanakuja na madumu ya maji kichwani. Fundi afunge mifereji kabla ya Desemba, mvua ya kwanza iacheni imwagike chini ioshe bati, inayofuata ndo muielekeze kwenye tangi.