Mgagani: kuuchuma, kuupika na kuutumia kama dawa

Masika yakishika, mgagani huota wenyewe mahali ambapo hakuna aliyepanda kitu: kwenye zizi la zamani la mbuzi, kando ya vichuguu, katikati ya mahindi. Huku Muheza wengi huung'oa pamoja na magugu wakautupa, kisha jioni wanakwenda gengeni kununua mchicha. Inaniuma sana kuona hivyo, maana ni mboga yenye madini ya chuma, chokaa na vitamini A na C, na haina gharama yoyote.

Kwanza uujue. Jani lake limegawanyika vijani vitano kama vidole vya mkono, ingawa utakuta pia vitatu au saba. Shina lina vinyweleo vinavyonata kidogo, mara nyingi lina wekundu wa zambarau, na ukilisugua linatoa harufu kali. Maua ni meupe au ya waridi hafifu, na katikati yake zinachomoza nyuzi ndefu za zambarau. Uko ndugu yake mwenye maua ya njano. Huo uache, siye ninayemzungumzia hapa.

Chuma asubuhi, ncha changa zinazokatika kwa ukucha bila kuvutana. Maua yakianza kutoka yakate mapema, kwa sababu mmea ukishaelekea kwenye mbegu majani yanakuwa madogo na magumu, na uchungu unazidi. Maua hayo machanga usiyatupe, yatie chunguni pamoja na majani. Usichume kando ya barabara kuu, wala kwenye jaa lenye betri na makopo, wala shamba lililopigwa dawa.

Kwa watu wanne jaza beseni dogo, maana mboga hii inanywea sana. Osha kwa maji mara mbili tatu, vile vinyweleo vinashika mchanga. Chemsha maji kidogo, tia majani, usifunike, yaache kama dakika kumi, kisha onja. Mgeni wa mgagani na amwage maji hayo ya kwanza, uchungu utapungua. Sisi nyumbani hatumwagi, kwani vitamini nyingi imo humo humo. Tia tui jepesi, kitunguu na chumvi, acha vitokote mpaka mashina yalainike. Tui zito linakuja mwisho: koroga bila kuacha mpaka uone povu la kwanza, epua hapo hapo, ukizubaa tui linakatika. Ugali wa mahindi au muhogo, basi.

Mgagani uliolala ni mtamu zaidi. Lakini ukitaka kuulaza, laza majani yaliyochemshwa tu, nazi utie kesho yake, la sivyo itachacha kwa joto letu hili. Wakisii, ambao huuita chinsaga, na Wajaluo wanaouita dek, hutia maziwa.

Sasa dawa. Kwetu mzazi akiwa bado kwenye arobaini hawezi kukosa mgagani, kumrudishia nguvu. Mimi naupika laini kabisa, nakamulia ndimu mezani, kwa sababu ndimu inausaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Chai ya rangi naiondoa mbele yake hadi saa moja au mbili zipite, kwani inayazuia. Hata hivyo, vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki aendelee navyo. Mboga ni msaada wa vidonge, haichukui nafasi yake.

Wapo wanaoponda majani mabichi na kuyapaka kwenye paji la uso kichwa kikiuma. Yanachoma, na ukiyaacha muda mrefu yanatoa malengelenge. Mtu mzima akitaka, apake kidogo na aoshe mara anapohisi joto. Mtoto usimpake kabisa. Na lile jambo la kukamulia maji ya majani sikioni, naomba mliache. Ngoma ya sikio ikiwa imetoboka, utaongeza madhara ndani. Sikio linalouma au kutoa usaha ni la kupeleka zahanati.

Kwa siku za kiangazi, chovya majani kwenye maji ya moto dakika mbili, chuja, anika kivulini juu ya ungo mpaka yavunjike mkononi, hifadhi kwenye kopo kavu. Ukiwa unapika, yaloweke kwanza.

Acha mashina mawili matatu yenye afya yatoe mbegu. Maganda marefu yakigeuka njano yachume kabla hayajapasuka, yaanike juu ya gazeti, pukuchua. Mbegu mpya huota kwa shida, zinahitaji miezi kadhaa ya kupumzika, kwa hiyo zitunze hadi masika yajayo. Ukizisia, fukia juu juu tu kwa udongo mwembamba uliochanganywa na samadi iliyooza.