Jinsi ya Kukokotoa Umbali na Muda wa Ndege: Mfano wa Mwanza na Bukoba

Anayetoka Mwanza kwenda Bukoba kwa gari hulizunguka Ziwa Victoria upande wa kusini na magharibi, akipitia Geita, Biharamulo na Muleba, ilhali ndege hukata moja kwa moja juu ya maji. Kwa hiyo kilomita za barabarani hazikusaidii kukadiria muda wa kuruka. Anza na majira ya nukta ya kila uwanja, yaani latitudo na longitudo, ambayo utayapata kwenye ramani yoyote ya simu ukibonyeza mahali uwanja ulipo.

Uwanja wa Mwanza uko nyuzi 2.44 Kusini na 32.93 Mashariki, wa Bukoba uko 1.33 Kusini na 31.82 Mashariki. Tofauti ya latitudo ni 1.11, na ya longitudo, kwa sadfa, ni 1.11 vilevile. Karibu na Ikweta uzi mmoja ni takribani kilomita 111, hivyo ukichora pembetatu mraba ambayo tofauti hizo mbili ndizo pande zake fupi na njia ya ndege ndiyo upande mrefu, kila upande mfupi una kilomita 123. Tafuta kipeo cha pili cha kila upande mfupi, yaani uuzidishe kwa wenyewe, jumlisha, kisha chukua kipeuo cha pili cha jumla: utapata kilomita 174. Kwa viwanja vilivyo mbali na Ikweta, zidisha kwanza upande wa longitudo kwa kosine ya latitudo. Ndani ya Tanzania marekebisho hayo hayafiki hata asilimia 2.

Sasa muda. Ndege ya pangaboi aina ya ATR 72 husafiri kwa takribani kilomita 500 kwa saa, na 174 ukigawanya kwa 500 unapata dakika 21. Usiishie hapo, kwa sababu katika njia fupi namna hii ndege haidumu na kasi hiyo: mara ya mwisho niliposafiri, taa ya mikanda ilizimwa, na kwa saa yangu ya mkononi nilihesabu dakika sita tu kabla haijawashwa tena kwa ajili ya kushuka. Ongeza dakika 20 hadi 25 za kutambaa uwanjani, kupanda na kushuka, nawe utapata dakika 40 hadi 45. Kwa Dar es Salaam na Mwanza, umbali wa kilomita 850 hivi, ndege ya jeti yenye kasi ya 800 itahitaji takribani saa moja na nusu kwa kanuni hiyohiyo.

Soma pia saa ya tiketi kwa uangalifu mkubwa. Mama yangu mkubwa aliona 07:15 akaelewa saa saba na robo mchana. Alifika uwanjani saa sita, kapu mkononi, wakati ndege yake ilikuwa imetua Bukoba tangu saa mbili asubuhi. Iliyoandikwa 07:15 ni saa moja na robo asubuhi, na 13:15 ndiyo saa saba na robo mchana.

Ukivuka mpaka kwenda Kigali, kumbuka kwamba saa za Rwanda ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, na tiketi huandika muda wa mahali husika. Toa muda wa kuondoka kwenye muda wa kufika, kisha ongeza saa moja, ndipo upate muda halisi wa safari.